Vifurushi Vitano vya Bi Pua

Kiangazi kinapofika ukingoni, majani yakawa yamekwisha pukutika na vichaka vimebaki vijiti vitupu, ndipo nguvu ya mti wa kifua hushuka ikatulia mizizini. Hiyo ndiyo saa yake ya kuchimbwa. Ukiuwahi, umechimba maji matupu. Ukiungoja mpaka mvua ya kwanza, nguvu imekwisha panda kwenye machipukizi na mkononi mwako umebaki na kuni. Wachimba dawa wa upande ule waliijua saa hiyo kama mpishi anavyojua saa ya kuepua chungu. Ila saa hiyo hiyo ndiyo yenye mtihani, kwa kuwa kando ya mti wa kifua huota mti mwingine, wenye gome lile lile la kijivu na vijiti vile vile vya mafundo mafundo, na majani yakishaanguka hakuna jicho la mwanadamu liwezalo kuupambanua huu na ule. Huo wa pili waliupachika jina la Shemeji, kwa hoja kwamba anakaa na ndugu, anafanana na ndugu, lakini si wa damu. Mzizi wa mti wa kifua hulegeza kikohozi na kufungua pumzi. Mzizi wa Shemeji hutapisha, kisha huupeleka moyo mbio, na kwa mtu aliyekwisha dhoofika waweza kumfikisha pabaya.

Kwa sababu hiyo wachimbaji wote, wakati wa mvua majani yangali mtini, hupita vichakani wakaufunga kila mti wa kifua uzi mwekundu shinani, ili kiangazi kikija wajue pa kutia jembe. Wote walifanya hivyo isipokuwa mmoja.

Mmoja huyo alikuwa mjane wa miaka sitini na mitatu, mrefu, mkavu wa mwili, mwenye ulimi usiochelewa, na mtaa mzima ulimwita Bi Pua. Pua yenyewe haikuwa kubwa hata kidogo. Ilikuwa ndogo, imekaa usoni kwa adabu. Sifa yake ilikuwa ni kazi yake. Akikwaruza gome kwa ukucha na kulipeleka puani, alikutajia mti, msimu, na kama umeota juani au kivulini. Wenzake walipomshauri afunge nyuzi kama wao, aliwacheka.

"Nyuzi ni za mafundi cherehani," alikuwa akisema. "Mimi Mungu kanifungia uzi wangu hapa, katikati ya uso."

Elimu hiyo aliirithi kwa mama mkwe wake. Alipoingia nyumba ile akiwa mwali, mkwe alimkataza kugusa jembe msimu mzima. Kila siku baada ya sala ya alfajiri alimketisha barazani, akamfunga kitambaa machoni, akamwekea mizizi kiganjani mmoja mmoja. Akikosea, mkwe hakumkemea. Aliuchukua mzizi akaurudisha mwisho wa safu, na mwali akajua kwamba atakutana nao tena. Mti wa kifua ulimnukia tangawizi kavu na vumbi lililorushiwa maji. Shemeji alimnukia sarafu iliyoshikwa muda mrefu na mkono wenye jasho. Mwisho wa msimu mkwe alimpa jembe dogo la mpini mfupi, akamwambia neno moja tu: "Usiseme ndiyo mpaka ujue."

Kwa jembe hilo alimlea binti yake baada ya mume, aliyekuwa fundi bomba, kufariki mapema. Binti alisoma, akawa mkunga, akaolewa mji mwingine. Bi Pua akabaki na chumba chake cha dawa, chenye dirisha moja la upande wa kivuli, machujio ya waya yaliyotandazwa mizizi, kinu, na mikebe iliyoandikwa kwa chaki. Hakuchimba bila kulitaja jina la Mungu, wala hakuchukua zaidi ya theluthi ya mizizi ya mti mmoja, na kila shimo alilifukia kana kwamba amezika mtu wa heshima. Mtoto mchanga hakumpa dawa, wala mjamzito, wala aliyekohoa damu. Hao aliwasindikiza zahanati yeye mwenyewe. Tabibu wa zahanati, kijana asiyeamini mizizi, alikuwa akisema kwamba mgonjwa aliyepitia kwa Bi Pua angalau hufika mapema.

Mwaka ule, katika miezi ya baridi, alishikwa na mafua makali. Homa ilimlaza siku kumi. Ilipomwachia aliinuka, akaoga, akakaanga vitunguu, akakaa mlangoni kuota jua. Na hakujua kwamba vitunguu vimeungua mpaka alipoona moshi unatokea dirishani. Akarudi jikoni, akainamia sufuria nyeusi, akavuta pumzi. Hakusikia kitu. Akafungua mkebe wa tangawizi, hakuna. Akanusa sabuni, mafuta ya taa, kiatu chake mwenyewe, hakuna. Aliyempa pua ile kama amana alikuwa ameichukua, bila barua wala hodi.

Hakumwambia mtu. Alijipa moyo kwamba itarudi wiki ijayo. Kisha ikawa mwezi ujao. Kisha kiangazi kikafika ukingoni na watu wakaanza kumuuliza mlangoni lini atakwenda kuchimba. Hofu yake haikuwa ya njaa, maana binti yake hakumsahau. Alichokihofia ni kuambiwa pole. Tangu ujana wake watu walimjia kwa kiungo kimoja, naye hakujua, bila kiungo hicho, wangemjia kwa lipi.

Basi akachukua jembe akaenda. Aliujua mteremko wa kuchimbia kwa miaka arobaini, mti kwa mti, kama mwalimu anavyojua madawati ya darasa lake. Alipofika penye jiwe pana alikochimba kila mwaka, hakuwaza kwamba mvua zilizopita ziliuporomosha udongo wa mahali pale, na kwamba mti wa zamani ulikwisha kung'oka na wa jirani ukateleza ukakalia kiti chake. Alilitaja jina la Mungu, akachimba, akakwaruza gome, akalipeleka puani kwa mazoea. Hakusikia kitu. Akasimama hivyo kwa muda, gome likiwa chini ya pua, kisha akasema, "Ndiyo wenyewe," akautia kapuni.

Mizizi ilikaa kivulini siku zake, akaikatakata, akaifunga vifurushi vitano vya karatasi. Watu wake watano wakavichukua asubuhi moja: muuza mkaa, seremala, mshonaji, mke wa dereva wa lori, na mwalimu mstaafu aliyekuwa na pumu ya siku nyingi. Kila mmoja aliambiwa kama ilivyo ada: iloweke leo jioni, ilale majini, uchemshe kesho alfajiri.

Alasiri ya siku hiyo hiyo akaingia wifi yake, dada wa marehemu mume, mwanamke mnene mcheshi ambaye naye alifunzwa na mama yule yule ila hakuipenda kazi.

"Hodi hapa kwa mchawi!"

"Karibu, mwizi wa vyakula. Chungu bado."

"Mimi sijafuata chungu, nimefuata kivuli." Wifi akavuka kizingiti, akasimama, akakunja uso. "He! Wifi, Shemeji humu ndani wa nini? Unawategea panya sumu?"

Bi Pua alikuwa akifagia. Ufagio ukasimama.

"Shemeji gani?"

"Shemeji yupi tena, kuna wangapi? Chumba kizima kinanuka sarafu za kondakta." Wifi akaliendea chujio la waya penye vipande vilivyosalia, akaokota kimoja, akakinusa, akakirudisha haraka. "Huyu hapa. Usinitanie. Au unanipima kama alivyokuwa akitupima mama?"

Bi Pua aliuegemeza ufagio ukutani. Alikichukua kile kipande akakisogeza puani, akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda, na wifi yake akayaona macho yake. Utani ukamtoka usoni.

"Wifi," akasema kwa sauti ya chini, "tangu lini?"

"Tangu mafua."

"Na hivi umempa nani?"

"Watano."

Wifi akaketi juu ya kinu. Alikuwa mtu wa mashauri ya haraka, naye akalitoa shauri lake papo hapo. "Hawajachemsha. Mpaka kesho hawachemshi. Wapitie, waambie dawa imeota ukungu, unataka kuwabadilishia. Basi. Nani ajue? Sitasema, Mungu shahidi."

"Mungu ndiye unayemfanya shahidi wa hilo?"

"Ah! Unataka uende ukajianike mwenyewe mtaani? Jina lako lote liko katika pua hiyo. Sema ukungu."

Bi Pua akajitanda nguo, akatoka, na lazima isemwe kwamba alitoka na shauri la ukungu mdomoni.

Muuza mkaa alikuwa nyuma ya magunia yake, meno na macho ndivyo vitu pekee vyeupe mwilini mwake. Kifurushi alikuwa amekitundika juu ya msumari.

"Nimekuja kukichukua," akasema Bi Pua. "Naona kimeota ukungu. Nitakuletea kingine."

"Ukungu?" Muuza mkaa akacheka. "Bi mkubwa, mimi nakula vumbi la mkaa mchana kutwa, ukungu utanifanya nini? Usijisumbue na miguu hiyo. Nitaianika nusu saa juani, niifutefute, niloweke."

"Hapana, nipe tu."

"Sikupi! Ukiondoka nayo utanirudishia lini? Mwaka jana nilikuja nikaambiwa imekwisha. Hii siiachi, iwe na ukungu iwe na ndevu."

Akacheka tena, akakishusha kifurushi msumarini, akakitia mfukoni, akapiga mfuko makofi mawili. Bi Pua alikuwa amesimama mbele ya mtu aliyekuwa akiulinda mzizi ule kwa sababu ya uongo wake yeye. Aliona wazi kwamba kila uongo alio nao ungekuwa na jibu kama hilo, kwa kuwa watu hawa walimwamini, na aliyeaminiwa hanyang'anyi dawa kwa sababu ndogo.

"Si ukungu," akasema. "Nimekudanganya. Huo si mti wa kifua. Nimekosea, nimekupa Shemeji. Pua yangu imekufa tangu baridi na sikumwambia mtu. Ukiunywa utakudhuru. Nipe, mwanangu."

Kicheko cha muuza mkaa kilichukua muda kuzimika. Akakitoa kifurushi mfukoni, akamkabidhi kwa mikono miwili, kisha akaifuta mikono yake kwenye suruali, jambo ambalo mtu wa mkaa halifanyi bila sababu.

Baada ya hapo hakusema ukungu tena. Seremala alimsikiliza randa ikiwa mkononi, akamrudishia kifurushi, akasema yeye mwenyewe aliwahi kukata mlango mfupi, ila mlango haukumuua mtu. Na haikufahamika kama alikusudia kumfariji au kumkata. Mke wa dereva alikwenda kukimwaga kifurushi chooni, akarudi akamwonyesha karatasi tupu. Mshonaji ndiye aliyepandisha sauti.

"Miezi mitatu hunusi, na unatugawia mizizi? Bi Pua! Nina watoto wanne mimi! Ungesema tu 'sijui', ungepungukiwa nini?"

"Nilidhani ningepungukiwa na kila kitu," akasema Bi Pua.

"Na sasa?"

Akakichukua kifurushi cha nne akaenda kwa mwalimu.

Mwalimu mstaafu aliishi peke yake katika chumba cha uani, chenye kitanda, redio, na rafu ya madaftari ya zamani asiyokubali kuyatupa. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa ameketi kitandani, ameegemea ukuta, jasho limemtoka juu ya mdomo. Na juu ya jiko la mafuta palikuwa na kisufuria chenye maji ya rangi ya chai hafifu.

"Karibu, dada," akasema. "Nilikuwa nakuwaza. Dawa yako ya mwaka huu ni kali."

Bi Pua akakiendea kisufuria. "Mwalimu! Nilikwambia kesho alfajiri!"

"Kifua kilinibana baada ya chakula. Nikasema, kulowa na kutolowa kuna tofauti gani kubwa? Nimechemsha kidogo tu."

"Umekunywa kiasi gani?"

"Nusu kikombe. Nusu nimeiacha."

"Lini?"

"Taarifa ya habari ilikuwa inaanza. Mbona unaniuliza kama mtihani?"

"Simama, Mwalimu. Tunakwenda zahanati. Nimekupa mzizi siyo."

Mwalimu alisimama, akatapika mara moja mlangoni, akaomba radhi kwa kuchafua, na wakaenda wakiwa wameshikana kama maharusi wazee, Bi Pua akiwa na kipande cha mzizi katika mkono mwingine.

Ukumbi wa zahanati ulikuwa umejaa watu wa alasiri, benchi kwa benchi. Tabibu alitoka chumbani kwake, akamwona mwalimu, akamshika kifundo cha mkono.

"Kala nini?"

Mwalimu, muungwana mpaka hapo, akasema, "Tumbo tu, daktari. Labda kiporo."

Nafasi ilikuwa imefunguliwa mbele ya Bi Pua kwa wema wa mtu ambaye hali yake ndiyo iliyokuwa mashakani. Angeweza kupita. Watu wote walikuwa wakitazama.

"Si kiporo," akasema, na sauti yake ikafika mpaka benchi la mwisho. "Nimempa mimi. Nilidhani ni mti wa kifua, kumbe ni Shemeji, huu hapa. Sisikii harufu tangu mafua ya baridi, nami nikaficha. Kanywa nusu kikombe, haukulowekwa, umechemshwa kidogo, umepita muda wa saa moja. Atatapika, lakini msitazame tumbo. Tumbo litatulia lenyewe, mtadhani amepona. Moyo ndio unaokuja nyuma."

Mama mmoja aliyempakata mtoto akasogea kidogo kwenye benchi, mbali na mahali aliposimama Bi Pua. Tabibu hakumkaripia. Alimtazama kwa makini, kama mtu anayesikiliza lugha aliyokuwa haijui na ghafla akaelewa sentensi nzima.

"Moyo baada ya muda gani?"

"Kabla jua halijazama."

"Na hudumu?"

"Niliyemwona mimi, zamani, ulimkimbia mpaka usiku ukaingia. Alikuwa kijana. Huyu ana pumu."

Tabibu akamwingiza mwalimu ndani, akamlaza karibu na dirisha, akamtundikia dripu, akamvalisha kile kifaa cha kusoma mapigo. Kwa muda mwalimu alitulia kabisa, akasema ana njaa, hata muuguzi akauliza kama hawezi kurudi kwake. "Bado," akasema tabibu, naye hakuondoka. Jua lilipokaribia paa za nyumba, mapigo yakaanza kupanda, yakapanda, midomo ya mwalimu ikabadilika rangi. Lakini dawa za tabibu zilikuwa tayari mezani, na mkono wake haukutafuta. Bi Pua alikaa chini pembeni, midomo ikicheza bila sauti. Aliomba jambo moja tu, na halikuwa kuhusu pua.

Magharibi ilipopita, mapigo yakaanza kushuka. Tabibu akayaandika, akasubiri, akayaandika tena, ndipo akaketi.

"Ungeniachia kile kiporo," akamwambia Bi Pua, "ningempa dawa ya tumbo nikamrudisha nyumbani." Akainuka kwenda kwa wagonjwa wengine.

Mwalimu akafungua jicho moja. "Miaka thelathini," akasema kwa sauti ya kukwaruza, "nimewaambia watoto wasome maelekezo kabla ya kuanza kujibu."

"Nyamaza upumue."

"Lakini dada, kosa la nusu ni langu."

"La kutoloweka ni lako. La mzizi ni langu lote, usinipunguzie."

Nje muuguzi alikuwa akifunga madirisha ya ukumbi. Mwalimu akageuza kichwa.

"Mwezi huu haujaisha. Ile yenyewe, ya kweli, utanichimbia?"

"Sichimbi, Mwalimu."

"Mwakani?"

"Sijui mwakani. Nimemuuliza daktari, kasema kunusa huweza kurudi, na huweza kutorudi. Leo sinusi, kwa hiyo leo sichimbi. Ukibanwa na kifua utakuja hapa."

"Dawa za hapa hazina ladha."

"Shukuru."

"Na wewe utakuwa unafanya nini?"

Lilikuwa ndilo swali alilolikimbia tangu siku ya vitunguu. Sasa lilipoulizwa kwa sauti, na mtu ambaye yeye alikaribia kumuua, aliona si kubwa kama lilivyokuwa gizani.

"Kwanza nitakuangalia wewe," akasema. "Mengine sijui."

Mwalimu akanuna, akageukia ukutani kama mwanafunzi aliyenyimwa mapumziko, kisha tumbo likamgeuka naye akageuka nalo. Bi Pua alikuwa amekwisha shika beseni. Akamshika paji la uso mpaka alipomaliza, akamfuta mdomo, akamlaza, akatoka na beseni kwenda kuliosha bombani.

Kwenye benchi la ukumbini alikuwa amebaki yule mama aliyempakata mtoto. Alimtazama Bi Pua akipita, akasita, kisha akasema, "Bibi, mgonjwa wako anaendeleaje?"

"Anabishana."

"Basi amepona," akasema yule mama, na akavuta kandambili zake pembeni ili beseni lipite.